Mshahara Ulioisha Tarehe Nne

Siku ya pili ya mafunzo ya ujasiriamali ya akina mama, baada ya chai, nilipanga makopo mawili ya maziwa ya unga juu ya meza. Moja nimelibandika karatasi iliyoandikwa BIASHARA, jingine NYUMBANI. Zoezi hili nimelifanya mara nyingi mpaka makopo yenyewe yameanza kushika kutu. Unaweka noti za mchezo kwenye kopo la biashara, unamwita mama mmoja mbele, unamwambia ajilipe mshahara: ahamishie kopo la pili kiasi kile alichokipanga mwanzo wa mwezi, basi. Kinachobaki hakiguswi.

Tulikuwa Mbagala, kwenye ukumbi wenye feni mbili, moja inazunguka na moja imekufa. Wanawake thelathini na wawili, na watoto wa mgongoni ambao sikuwahesabu.

Mama mmoja wa safu ya tatu, muuza batiki, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, huo mshahara mimi nilishajilipa. Umekwisha tarehe nne. Leo tarehe kumi na tisa, mtoto kaamka na homa, dispensari wanataka hela ya vipimo. Nifungue kopo lipi?"

Ukumbi mzima ukacheka. Na mimi nikacheka, kisha nikajibu kama nilivyofundishwa kujibu: ndiyo maana mama unahitaji kopo la tatu, la dharura.

Akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyevaa viatu kinyume.

"Na hilo la tatu linajazwa na nani?"

Nikasema tutalirudia swali hilo mchana. Hatukulirudia. Mchana kulikuwa na mada ya huduma kwa mteja, halafu picha ya pamoja.

Swali lile limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, wiki ya saba hii.

Yangu ya kijani

Mimi ni mhasibu. Kazi ya ukumbini naifanya siku chache kwa mwezi, shirika likinihitaji, na mada yangu haibadiliki: utunzaji wa kumbukumbu na kutenganisha fedha. Wenzangu hufundisha mengine. Kama umewahi kuhudhuria mafunzo ya ujasiriamali ya akina mama hapa Tanzania, unaijua ratiba bila kuonyeshwa: sabuni ya maji, batiki, keki, siagi ya karanga, ufugaji wa kuku. Siku ya mwisho vyeti na fulana.

Katika kundi lile la Mbagala mama mmoja alikuja na faili la plastiki lenye vyeti saba. Saba! Kila kimoja na nembo yake, kila kimoja na sahihi ya mkurugenzi wake. Nikamuuliza kwa utani kwa nini amekuja kutafuta cha nane. Akasema, bila utani, kwamba nauli wanayolipwa washiriki ni ya uhakika kuliko mauzo ya siku.

Lakini kilichonichekesha na kuniumiza zaidi ni sabuni. Sabuni ya maji ni kipenzi cha wafadhili kwa sababu inafundishika kwa nusu siku. Malighafi zinapatikana Kariakoo, unakoroga salfoniki na slesi kwenye ndoo, unaongeza soda eshi, chumvi, rangi na manukato kidogo, unaacha povu litulie, unajaza kwenye chupa za maji zilizooshwa. Jioni kila mmoja anarudi nyumbani na chupa mkononi, amefurahi, na picha zinapendeza sana kwenye ripoti. Wiki mbili baadaye mtaa mmoja una wauza sabuni kumi na wawili, na wateja wao ni wao kwa wao.

Nilimuuliza mmoja: sabuni yako inatofautiana vipi na ya jirani yako?

Akafikiri kwa makini.

"Yangu ya kijani."

Nani wa kulaumiwa hapo? Hakuna aliyewaambia kwamba chupa isiyo na lebo wala alama ya TBS, shirika la viwango, haiingii supamaketi. Hakuna aliyewaambia kwamba mjasiriamali mdogo akianzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, akapata barua ya utambulisho, mlango wa TBS unakuwa mwepesi kidogo. Wala hawakuambiwa kwamba mkaguzi akija na kukuta sabuni inakorogwa kati ya jiko la mkaa na kitanda cha mtoto, barua haitasaidia kitu. Hayo ni mambo ya miezi, na mafunzo ni ya siku tatu. Kukoroga kunafundishika, basi tunafundisha kukoroga.

Na mimi ni sehemu ya hayo. Fomu ya tathmini naijaza kwa mkono wangu: waliohudhuria wangapi, walioelewa wangapi, wenye daftari la mauzo wangapi. Thelathini na wawili, thelathini na wawili, ishirini na tisa. Mratibu anafurahi.

Viti vitano

Siku ya tatu viti vitano vilikuwa vitupu. Nikauliza, wakatazamana. Mmoja akanong'ona: "Leo Alhamisi, mwalimu."

Alhamisi ni siku ya marejesho.

Msomaji wa Dar hahitaji kuelezwa kausha damu ni nini. Unakopa kwa nusu saa bila maswali mengi, unarejesha kila wiki, pengine kila siku, na riba yake nikiipiga kwa mwaka kalamu yangu ya uhasibu inaona haya. Usipoleta wanakuja nyumbani. Wanachukua jiko la gesi, godoro, televisheni kama ipo, na majirani wanaangalia. Ndiyo maana siku ile mtu haji ukumbini kusikiliza habari za mpango wa biashara. Anazunguka kwa shoga zake akiokoteza elfu mbili mbili.

Kilichonishangaza ni kwamba wale watano hawakuwa wavivu wa darasa. Wawili kati yao ndio waliokuwa wa kwanza kuelewa hesabu ya faida ghafi. Mmoja alinisahihisha nilipokosea kutoa. Tatizo lao halikuwa hesabu. Mtu anayejua kabisa kwamba mkopo ule ni sumu na bado anaunywa, ukimfundisha kwa siku tatu kwamba sumu ni mbaya, umemwongezea nini?

Nilianza kuwa na shaka na kazi yangu pale. Kabla ya hapo nilikuwa na uchovu tu.

Daftari lenye jalada la gazeti

Wiki ya tatu nilienda kumtembelea mama wa batiki. Sitasema nilitumwa. Nilijialika.

Anaishi nyumba ya kupanga, na kiwanda chake ni uani: beseni za rangi, kamba za kuanikia, jiko la kuni la kuchemshia vitambaa nta itoke. Nta yenyewe huiyeyusha ndani ya kopo la maziwa ya unga, aina ile ile ya makopo yangu. Nilijifanya sijaona. Yeye aliona kwamba nimeona.

Akanitolea daftari lake. Limevalishwa jalada la gazeti kama madaftari yetu ya shule ya msingi. Nilitegemea kukuta mauzo na manunuzi, vikawepo, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Kitambaa, kostiki, haidro, rangi, nta, kuni. Kila kitu. Lakini ukurasa wa kulia wa kila wiki ulikuwa na orodha nyingine: dawa, luku, mchango wa msiba, sare ya shule, nauli ya shemeji. Mwishoni mwa ukurasa ameandika: *Nyumba inadaiwa na batiki*. Na kiasi chake.

Kiasi kile, kwa miaka minne, kilifika mahali ambapo mimi ningekiita mtaji wa duka.

"Nyumba hailipi," akaniambia, "lakini nikiandika roho inatulia."

Nikamuuliza anawezaje basi kubaki kwenye biashara miaka yote hiyo. Akacheka, akaniingiza chumbani, akainua pazia. Nyuma ya kabati kulikuwa na majora matatu ya kitambaa cheupe.

Kumbe hela ikiingia jioni, asubuhi inayofuata inakuwa kitambaa, hata kama hana oda. Mume akiuliza, hela hakuna. Wifi akipiga simu, hela hakuna. Na si uongo, hakuna kweli. Anaweza kuzunguka nyumba nzima bila shilingi na bado akawa na mali ya kufanyia kazi wiki tatu.

"Pesa ina ndugu, mwanangu. Kitambaa hakina."

Nilikaa kimya. Miaka yote nimekuwa nikiwafundisha wanawake kwamba kulundika malighafi ni kosa: hela inalala, kitambaa kinaliwa na panya. Kwenye kitabu ni kosa kweli. Na yeye alikuwa amesikiliza somo langu siku nzima, akaitikia kwa kichwa, akaandika kwenye daftari, akarudi nyumbani kuendelea na njia yake iliyomfikisha hapo.

Alinieleza pia habari ya mkopo wa halmashauri. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani mnaijua: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Kwenye karatasi hakuna mkopo mzuri kuushinda huo. Ila lazima muwe kikundi, mwe na katiba, akaunti ya benki, muhtasari wa kikao na andiko la mradi. Kikundi chao kiliandika ufugaji wa kuku. Kati yao hakuna aliyewahi kufuga kuku. Mmoja anauza samaki, mmoja ana cherehani, mmoja anapika chakula saiti, yeye batiki. Lakini waliambiwa na watu waliotangulia kwamba andiko la pamoja linapita haraka, na kuku wanaeleweka.

Karatasi zao zilikuwa bado zinazunguka pale mikopo hiyo iliposimamishwa nchi nzima mwaka 2023, baada ya ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuibua madudu: vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa. Ilirejea mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kikundi chao kilikuwa kimeshasambaratika, mweka hazina kahamia Kibaha.

"Kwa hiyo kuku walikufa kabla ya kuzaliwa," akasema.

Waliokwisha kupima

Nilirudi nyumbani nikafanya kile ambacho wahasibu hufanya wakichanganyikiwa: nikatafuta takwimu.

Kumbe jambo hili limeshapimwa, tena hapa hapa Dar es Salaam. Mwaka 2008 watafiti kutoka Norway wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichukua wafanyabiashara wadogo, wake kwa waume, wote wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo. Baadhi walipewa mafunzo, vipindi 21 vya dakika 45. Baadhi walipewa ruzuku ya shilingi 100,000. Baadhi wakapata vyote viwili. Mji ni ule ule, mwalimu yule yule, fedha ile ile. Wanaume waliopata vyote viwili biashara zao zilipanda vizuri. Wanawake, kidogo mno.

Nilisoma matokeo yale mara mbili, nikafunga kompyuta, nikaenda kusimama dirishani.

Kuna tafsiri ya haraka ya matokeo kama hayo, na nimeisikia kwenye mikutano ya wafadhili ikisemwa kwa sauti ya upole: wanawake hawana malengo makubwa, wanaogopa ushindani. Labda wapo. Wanaume waoga nao wapo, nimesoma nao. Ila nikilikumbuka lile daftari la kurasa mbili nashindwa kuikubali. Mwaka 2019 ulitoka uchambuzi mwingine wa takwimu za India, Ghana na Sri Lanka, ambako pia mtaji waliopewa wanawake ulionekana kama umemwagwa mchangani. Wachambuzi wakauliza swali ambalo mama yeyote wa Mbagala angeuliza kwanza: ndani ya nyumba hiyo kuna mtu mwingine mwenye biashara? Wakakuta kwamba mwanamke anapokuwa mfanyabiashara peke yake nyumbani, mtaji wake unazaa sawa na wa mwanamume. Akiwepo mume mwenye biashara, mtaji unahamia kwa mume. Fedha haikupotea. Ilihama chumba.

Na yale majora nyuma ya kabati? Ghana walijaribu kitu kinachofanana. Wanawake wenye biashara ndogo mijini waligawiwa, wengine fedha taslimu, wengine bidhaa na vifaa vya thamani ile ile. Waliopewa fedha faida haikusogea. Waliopewa vifaa ikapanda, hasa kwa wale ambao biashara zao zilikuwa zimeshasimama kidogo. Mama wa batiki hajasoma utafiti wowote wa Ghana. Aligundua mwenyewe, na mimi nilikuwa nimemfuta kwa kalamu nyekundu.

Basi nikaanza kufikiri kwamba mafunzo ni upuuzi mtupu, tugawe majora twende zetu. Nilikaa na wazo hilo kama wiki moja, na kwa kweli lilinipa raha. Kukata tamaa kuna raha yake, hakukuamshi saa kumi na moja kupanga makopo.

Kilichonirudisha ni Kenya. Kule Kakamega, Kisii, Embu na Kitui walifuatilia wanawake 3,537 wa masoko ya vijijini, baadhi wakiwa wamepewa mafunzo ya siku tano ya Shirika la Kazi Duniani, mafunzo yaliyotungwa yakimfikiria mwanamke na nyumba yake na si biashara tu. Miaka mitatu baadaye, mauzo ya waliofundishwa yalikuwa juu kwa asilimia 18 na faida kwa asilimia 15 kuliko wenzao. Nilitegemea kusoma kwamba waliwanyang'anya majirani wateja, kama wauza sabuni wangu. Hapana. Majirani ambao hawakufundishwa hawakuporomoka. Soko lenyewe lilikua.

Miaka mitatu, lakini. Sisi fomu ya tathmini tunaijaza siku ya tatu, kabla ya pilau.

Na kule Lomé, Togo, matokeo yalichapishwa mwaka 2017: wafanyabiashara wadogo 1,500, theluthi wakafundishwa uhasibu na masoko kama ninavyofundisha mimi, theluthi wakafundishwa, kwa somo lililotokana na saikolojia, namna ya kuanza jambo bila kusubiri, kufikiri mbele, kutofautiana na jirani. Hawa wa pili faida yao ilipanda kwa asilimia 30. Wa kwanza, wale wa somo langu, 11, na hata hiyo 11 watafiti hawakuweza kuapa kwamba si bahati.

Nilimsomea mke wangu. Akasema, "Kwa hiyo 'yangu ya kijani' ilikuwa ndiyo somo lenyewe."

Tranka

Hapa ndipo ninapopaswa kusema jambo ambalo nimelizungukia tangu mwanzo.

Mama yangu aliuza vitumbua Tanga, Ngamiani, kwa miaka zaidi ya ishirini. Alianza na chuma kimoja cha kukaangia na beseni moja. Alimaliza na chuma kimoja na beseni moja. Kwa fomu yangu ya tathmini, ile biashara haikukua hata asilimia moja. Ni mshiriki aliyeshindwa.

Nilipochaguliwa kidato cha tano, ilikuwa kabla ya elimu bila ada. Ada ya bweni shilingi 70,000 kwa mwaka, na hiyo ndiyo ilikuwa rahisi. Kulikuwa na tranka, godoro, mashuka mawili, viatu vyeusi, jembe, fyekeo, nauli ya basi. Vitumbua vikalipa vyote. Wiki ile nakumbuka alikaanga mchele wa kukopa.

Nilipanga makala haya yaishie hapo. Nilikuwa nimeshaiandika na sentensi yenyewe: kwamba mtaji wa mama haukupotea, mtaji wa mama ni mimi, na leo nasimama mbele ya akina mama kuwaonya wasile mtaji. Niliipenda sana sentensi hiyo. Nikampigia dada yangu Tanga nimsomee.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Usimfanye mama malaika."

Nikamuuliza ana maana gani.

"Mama alitaka hoteli. Fremu ya karibu na stendi alishaiona, kodi alishaijua, mpaka rangi ya viti alishachagua. Hukuambiwa kwa sababu ulikuwa unasoma. Ile fremu uliila wewe, mdogo wangu. Siyo dhambi. Lakini usiseme ndicho alichotaka."

Nikanyamaza.

"Halafu nikuulize, wewe mhasibu. Mimi niliyekuwa nawasha jiko saa kumi usiku kabla ya kwenda shule, mpaka shule yenyewe nikaiacha kidato cha pili, kwenye hesabu hizo umeniandika wapi?"

Sikuwa nimemwandika popote.

Na hapo nikakumbuka fomu nyingine, ile ya gharama za uzalishaji tunayoigawa siku ya kwanza. Mchele, nazi, sukari, hamira, mafuta, mkaa. Mstari wa mwisho: nguvukazi. Karibu kila mwaka, karibu kila kundi, mama wa vitumbua anaandika sifuri, na pembeni kwenye mabano: *ananisaidia binti*. Na mimi napita na kalamu, naweka alama ya vema. Sahihi kabisa, mama, hongera.

Nimeweka vema ngapi? Binti wangapi?

Sijui kama dada alikuwa na hasira. Alinisemesha kama mtu anayesoma mita ya maji. Kisha akabadilisha mazungumzo, akauliza bei ya nazi Dar.

Saa nane

Tangu hapo nimebadilisha vitu vitatu, vyote vidogo, na sina hakika na hata kimoja.

Makopo sikuyatoa tena. Badala yake nawaomba washiriki wachore nyumba na kila mlango ambao hela inatokea: nani anaomba, siku gani, kiasi gani. Kundi la kwanza lilichora milango mingi kuliko nilivyokuwa na karatasi. Ubishi wake ulikuwa mkali, na kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyekuwa naandika. Walifundishana mbinu ambazo sijawahi kuziona kwenye kitini chochote. Mmoja huacha mauzo yake kwa muuza duka wa mtaa wa pili. Mmoja amejiunga vikoba viwili, na mume anakijua kimoja. Hilo la mwisho lilizua kelele, kuna waliosema ni haramu na waliosema ni akili, na mimi sikuamua. Mbinu hizo zote ni za kujificha, na mwenye kujificha nyumbani kwake miaka ishirini anachoka. Nilitaka kusema tuwaalike waume siku moja. Mama mmoja akaniwahi: "Ukiwaleta, nani atasema ukweli?"

Pili, kwenye fomu ya gharama, nimeongeza swali: *nani anawasha jiko, saa ngapi?* Mratibu ameniuliza swali hilo linaingia kwenye kiashiria kipi. Nimemwambia bado natafuta.

La tatu limetoka kwa dada. Nilipompigia tena, safari hii kumuomba radhi, hakutaka radhi. Alitaka kujua mafunzo yenyewe yanaanza saa ngapi.

"Saa tatu asubuhi."

"Saa tatu nipo na nusu beseni, watoto wa shule ndiyo wananitoka, wa ofisini hawajaja. Nani atakuja saa tatu? Atakuja asiye na biashara, au mwenye binti wa kumwachia."

Nikamuuliza yeye angeweza saa ngapi.

"Nane. Nimeshaosha chuma, nimeloweka mchele wa kesho. Nane mpaka kumi, siyo zaidi."

Nimeliandikia shirika: saa nane hadi saa kumi, mara moja kwa wiki, miezi mitatu, badala ya siku tatu mfululizo. Nimeambatanisha bajeti, ambayo imepungua kwa sababu chakula cha mchana hakipo. Wamenijibu kwamba mfadhili ameshapitisha siku tatu, na fulana zimeshachapwa tarehe.

Mama wa batiki ameniomba makopo, kama siyatumii. Jumamosi nampelekea.